Nyuma ya Imamu

4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeamua kurudi kwenye kalamu, maana kwenye simu unasema nasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa, na mimi nimechoka kupiga kelele mpaka majirani zangu wanajua habari zetu zote.

Kazi inakwenda. Bado niko chumba cha kufulia cha hospitali, ila wamenitoa kwenye mashine za kufua wakaniweka kwenye pasi kubwa. Shuka linaingia upande huu limejikunja, linatoka upande wa pili limenyooka, na mimi na mwenzangu tunalidaka tunalikunja. Joto lake usiulize. Mwenzangu huyo ni mama mmoja mcheshi, si Mwislamu, na mdomo wake haujui likizo. Juzi kaniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikamwambia ni imamu wa msikiti. Akauliza imamu maana yake nini. Nikasema ni mtu anayeswalisha. Akasema hiyo ndiyo kazi yake, yeye anataka kujua jina lenyewe lina maana gani na limetoka wapi. Nikamwomba nikuulize wewe kwanza, mimi mtoto wa imamu niliyekulia kwenye kanzu zako.

Niokoe na aibu hii. Nisalimie kaka, mwambie aache kurudi nyumbani na gundi ya mabomba kwenye nywele, hataoa.

Kitindamimba wako


19 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Barua yako imenichekesha mpaka miwani ikaanguka kwenye chai.

Mwambie mwenzako hivi. Imamu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kuwa mbele. Imamu ni aliye mbele, basi. Hakuna taji hapo wala kiti cha enzi. Mkiwa wawili tu kwenye veranda, mmoja akasimama mbele mwingine akamfuata, wa mbele keshakuwa imamu na wa nyuma ndiye maamuma. Kwa lugha hiyo neno lenyewe limezaliwa nyumba moja na neno la mama, na umma nao ni wa nyumba hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo jingine. Mwalimu wangu aliniambia siku aliyonikabidhi mihrabu, na mimi bado nilikuwa na saruji kwenye kucha. Alisema Waarabu wa zamani waliita imamu hata ile kamba ya mwashi. Unaikumbuka kamba yangu? Unaifunga kwenye msumari huku, na huku, unaivuta mpaka ikaze, kisha tofali zinapangwa kwa kuifuata. Nikacheka, nikamwambia kumbe nimekuwa imamu tangu ujana wangu. Yeye hakucheka. Alisema, “Kamba haibebi ukuta. Kazi yake ni kunyooka tu. Na ukuta ukisimama, kamba inakunjwa inatiwa mfukoni, wala haidai kitu.”

Mpe mwenzako hayo, na umwambie ayakunje vizuri.

Kaka yako mzima. Anasimama nyuma yangu kila swala, na siku hizi masikio yake yamekuwa marefu kupita kiasi.

Baba yako, kamba


28 Machi

Binti yangu,

Sikutaka kukuandikia haya, lakini mama yenu hayupo na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua utaratibu wetu. Imamu akikosea aya, aliye nyuma yake anamkumbusha kwa sauti. Akikosea kitendo, anamwambia Subhanallah, naye anajirekebisha. Ni haki ya maamuma, nimewafundisha mimi mwenyewe. Ila kaka yako ananikumbusha hata nikivuta pumzi. Nikinyamaza kidogo tu, sauti yake hiyo. Jana alasiri alinipigia Subhanallah, nikakaa. Akanipigia tena, nikasimama. Msikiti mzima unasikia mzee anaamrishwa kama kibarua wa zege.

Nimemwita nyumbani nikamuuliza kisa chake ni nini. Akainama, akaniambia nimsamehe. Alfajiri akarudia yale yale.

Mtoto niliyemshika kidole kumwonyesha herufi ya kwanza! Pale mihrabuni nimesimama tangu mama yenu yu hai. Kama anapataka, angengoja nife. Inaniuma sana, mwanangu. Siku hizi naingia msikitini kama mgeni.

Baba yako


10 Aprili

Kaka,

Leo shikamoo sikupi.

Baba kaniandikia. Sikujua kama una roho hiyo. Mzee mzima unamsahihisha mbele za watu, anakaa ukitaka, anasimama ukitaka. Umemvua nguo hadharani, halafu ukiulizwa unainama na kuomba msamaha wa mdomo. Unautaka uimamu? Sema, tukujue. Wewe ni fundi bomba. Ziba mabomba, mihrabu mwachie mwenyewe.

Tulipomzika Mama uliniambia niende zangu kazini, wewe utamtunza Baba. Ndiyo utunzaji wenyewe huu?

Nijibu. Na usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na maneno yake nimeyameza.

Baba ni mzima. Anakula, anatania watu. Bati la chumba chake lilikuwa linavuja, nimelibadilisha. Miwani mpya nimempeleka akachagua mwenyewe.

Ya msikitini niamini tu, sisimami pale kwa sababu unayoidhani. Mengine tutaongea ukija. Nakuomba kitu kimoja, usimwandikie mtu mwingine habari hizi.

Kaka yako


6 Mei

Mzee wangu Sauti,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua yangu. Tangu tukiwa watoto tunakuita Mzee Sauti kwa ajili ya adhana yako, na Baba hakuwahi kukutaja bila kusema wewe ni ndugu yake, ndiyo maana nakukimbilia.

Kaka yangu anamdhalilisha Baba kwenye swala. Bila shaka unasikia, maana uko safu ya mbele. Nimemuuliza hakunipa jibu la maana, kazungumza habari za bati na miwani, kisha akaniomba nisimwambie mtu. Mwenye kosa ndiye anayeomba hivyo. Nakuomba wewe na wazee wenzako mumwambie arudi safu ya nyuma kabisa, na wengine mumwache imamu wenu aswalishe kwa amani. Baba asijue kama nimeomba.

Ni heshima yake tu ninayoililia.

Binti yenu


31 Mei

Mama watoto,

Nakuandikia kwa sababu naona unachelewa kurudi. Barua nampa Mzee Sauti aipeleke posta, yeye anajua ulipo.

Ijumaa ya leo ilikuwa njema sana. Nilisoma hotuba, nikaingia kuswalisha. Nikasoma Alhamdu, nikanyamaza. Nikasoma tena. Nyuma yangu kimya, hakuna hata mtu wa kukohoa. Nikadhani wameniacha peke yangu wakaenda zao, nikageuka. Kumbe wapo! Mke wangu, miaka yote hii nimewapa mgongo, sikujua kama watu wale ni wengi hivi. Wote wananiangalia. Wengine wanalia, sijui kafa nani.

Binti yetu akitoka shule mwambie nimepata jibu la swali lake. Imamu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kuwa mbele. Imamu ni aliye mbele, basi. Hakuna taji hapo wala kiti cha enzi. Waarabu wa zamani waliita imamu hata ile kamba ya mwashi. Kamba haibebi ukuta. Kazi yake ni

Kazi yake ni

Nitakumbuka. Rudi mapema, chumba kina baridi.

Mumeo


3 Juni

Mdogo wangu,

Sasa nasema, maana kilichokuwa kinafichwa kimeonwa na mtaa mzima.

Mwaka jana Baba alipotea njia ya kutoka msikitini kuja nyumbani. Njia ile, unaijua, hata kipofu haimpotezi. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za duka la vifaa vya ujenzi, anasema anamngoja tajiri wake amlipe ujira wa uashi. Tulipofika nyumbani akili ikamrudia, na akajua. Alilia, mdogo wangu. Alinishika mkono akasema, “Simama nyuma yangu. Nikipotea niite nirudi, watu wasijue. Na mdogo wako asijue, ataacha kazi.” Nikamwahidi yote mawili.

Halafu ombi lenyewe akalisahau. Alichobaki nacho ni mimi tu, mtoto anayemkosoa kila swala. Nilijua ananichukia, na sikuweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenituma, kwa sababu kila nikimwambia anafedheheka upya kama siku ya kwanza. Nilijaribu mara mbili, ya tatu sikuthubutu.

Mzee Sauti alikuja na barua yako mkononi, macho chini. Akasema wazee wameona niswali nyuma, kwenye viatu, kwa heshima ya binti. Ningekataa ningesemaje bila kumwaga siri ya Baba? Nikarudi nyuma. Na hao wa mbele walishaambiwa wasimguse imamu, wakanyamaza. Ijumaa ile Baba alinyamaza, akarudia, akanyamaza tena. Nikaanza kumkumbusha kwa sauti yote niliyo nayo, lakini feni zinavuma na msikiti umejaa mpaka nje, hakunisikia. Nikavunja swala yangu nikapenya kwenye safu. Kabla sijafika akageuka. Akatabasamu. Akasema, “Jamani, tumefika wapi?”

Mzee Sauti alimshika mkono akamkalisha. Hajapiga adhana tangu siku hiyo, anasema koo limemkauka.

Sikuandikii kukulaumu. Ningekuwa mbali kama wewe, na barua ile ya Baba mkononi, ningeamini vile vile.

Kaka yako


18 Juni

Kaka,

Shikamoo. Shikamoo pamoja na ile niliyokunyima.

Barua ya Baba ilinifikia kabla ya yako, Mzee Sauti kaiandikia anwani yangu. Niliifungulia ndani ya stoo ya mashuka. Niliposoma “Mama watoto” nilidhani amekosea bahasha, halafu nikakumbuka Mama hana anwani. Nikakaa chini kwenye marobota. Mwenzangu wa pasi alikuja kunitafuta, akaisoma usoni kwangu, akarudi kuikabili mashine peke yake.

Kaka, nilikuambia umemvua Baba nguo. Ni mimi niliyemvua, kwa mkono wangu huu huu, na nikamwita muadhini aje kunisaidia. Nilitaka kumlinda na mtu pekee aliyekuwa anamshikilia. Sijui nikuombe radhi vipi. Nakula sioni ladha, nalala nasikia feni za msikiti.

Nimeomba likizo. Msimamizi amesema ningoje hadi mwisho wa Julai apatikane wa kushika nafasi yangu. Nimelia mbele yake wala sioni haya, lakini hakubadilika.

Kwenye barua hiyo kuna sentensi Baba hakuimaliza. Nakuomba umsomee umalizio wake. Mwambie kazi ya kamba ni kunyooka tu. Mwambie mtoto wake amesema amenyooka siku zote.

Dada yako


9 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Radhi uliyoomba umeipata zamani, usinirudishe huko.

Msikitini wameweka imamu mwingine, kijana mwenye adabu. Baba simpeleki tena. Mara ya mwisho alikwenda moja kwa moja mihrabuni, akamkuta mtu, akasimama pembeni yake kama anayengoja zamu. Kijana wa watu alilia mpaka akashindwa kuanza swala.

Juzi nimerudi kazini nikakuta uani hapapitiki. Ameifukua kamba yake kwenye sanduku la vifaa, akaifunga kutoka kwenye bawaba ya mlango wa jiko hadi kwenye bomba la maji, imekaza haswa. Na chini, kwa kuifuata kamba, amepanga viatu vyote vya nyumba hii. Buti zangu, makubazi yake, ndara za Mama ambazo hatukuwahi kuzitupa, viatu vyako vya shule. Vyote vimenyooka, vidole mbele. Yeye mwenyewe kasimama mbele ya safu, anaswalisha.

Nikavua viatu vyangu nikasimama katikati yako na Mama. Alikuwa anasoma kwa sauti ile ile ya zamani, kisha akakwama. Nikaogopa kufungua mdomo. Ningemuudhi tena, na sasa hivi nina roho gani ya kustahimili hasira yake? Bila kugeuka akasema, “Nyuma hakuna mtu?”

Nikamkumbusha. Akaipokea aya, akaendelea nayo mpaka mwisho.

Baadaye nikampa maneno yako, kwamba kazi ya kamba ni kunyooka tu. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema binti yako. Akasema, “Ana akili huyo. Amemchukua mama yake.” Mimi akaniuliza nimetokea mtaa gani, na kama najua kuzibua sinki. Nikamwambia najua. Akasema basi nisikose kurudi kesho.

Anadhoofika. Chakula anakichezea tu. Kama kuna namna, usingoje mwisho wa mwezi.

Kaka yako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Simu ya juzi ilikuwa ya kulia tu, hatukuambiana kitu. Acha nikuandikie, maana ulinisihi nisikufiche tena.

Alifariki asubuhi, baada ya kunawa uso. Hakuhangaika. Tuliuliza kama tunaweza kukungoja, tukahesabu safari yako, ikawa haiwezekani kumweka maiti muda wote huo. Uamuzi ni wangu, ukinuna ninunie mimi.

Watu walikuwa wengi kuliko Ijumaa ile. Jeneza likawekwa mbele, imamu kijana akajipanga, kisha akarudi nyuma akanishika bega. Akasema haki ni ya mtoto. Mimi, mtu wa nyuma siku zote. Nikasukumwa mbele. Nilidhani nitasimama pale nisione mtu, kama alivyokuwa akisimama yeye. Lakini swala ya jeneza si kama nyingine. Mbele yangu alikuwapo Baba. Hata siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mbele, na mimi maamuma wake.

Nikapiga takbira ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo nikapotea. Dua ninayoijua tangu nina meno ya utoto ikafutika yote. Nikasimama tu. Na unajua nilichokuwa nakifanya? Nilikuwa nangoja sauti yangu mwenyewe itoke nyuma.

Mzee Sauti akasema Subhanallah. Polepole, kama unavyomwamsha mgonjwa. Ilinichoma, na papo hapo ikanishika nisianguke. Nikajua Baba alikuwa anasikia nini kila nilipofungua mdomo. Nikamaliza.

Kamba bado imefungwa uani. Watu wanaokuja kuhani msiba wanainama kupita chini yake, hakuna anayeuliza. Nimejaribu kuifungua nikashindwa, mafundo ya Baba unayajua. Njoo tuifungue pamoja. Na kukunja wewe ndiye unayejua.

Kaka yako


11 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nafika Jumamosi. Barua hii huenda nikaipita njiani, lakini siwezi kukaa bila kuiandika.

Sinuni. Nakuomba viatu vyangu vya shule uviache pale pale kwenye safu, nije nisimame navyo kabla hatujaikunja kamba. Nikifika nataka kwanza niende kwa Mzee Sauti, nimpige magoti, nimwambie arudi kupiga adhana, kwamba koo lake halina kosa, kosa ni la kalamu yangu.

Mwenzangu wa pasi amenisaidia kufunga mizigo. Yeye ndiye aliyenipatia mtu wa kushika nafasi yangu, mpwa wake. Leo ameniuliza kwa upole, maana anajua mdomo wake, kama imamu akifa wale waliokuwa nyuma yake wanabaki wakimfuata nani. Nilitaka kumjibu vizuri, kama Februari ile. Nikachukua karatasi, nikaandika “Baba yangu mpenzi, shikamoo”, na kalamu ikasimama hapo.

Dada yako